Mtumba Ulipokuwa Mpya

Siku hiyo nilikuwa nimetupia koti langu la buluu, najiona mtanashati pale stesheni ya Bukene. Mshikaji mmoja akanitazama kuanzia kola hadi pindo, akasema, "Aisee, mtumba huo umechoka!" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila kwa shingo upande. Viwiko vilikuwa vimeanza kuonyesha bitana kweli.

Ndugu msomaji, neno hilo lilinikaa kichwani. Siku hizi mtumba ni chochote kilichopita mikononi mwa mwingine: gari la mtumba, friji la mtumba. Vijiweni nimesikia hata binadamu akiitwa hivyo, jambo ambalo mimi naliona ni ufedhuli. Neno limeingia katika ukoo wa chakavu, kuukuu, midabwada na choka mbaya. Lakini halikuzaliwa humo.

Zamani mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa kwa kipimo cha kubebwa na mpagazi mmoja. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameikanyaga miaka mingi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda na nguo. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, umefungwa mrefu mfano wa mto wa kitandani, ukilala begani. Ndani yake mlikuwa na merikani, kitambaa kipya kabisa, kilichofumwa Marekani na kuletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts. Au kaniki ya rangi ya nili kutoka India.

Na nguo hiyo ilikuwa fedha, bwana. Shuka moja mikono 4, doti mikono 8. Kwa nguo msafara ulinunua chakula, ukalipa hongo kwa watemi, na mpagazi naye akapata ujira wake. Mitumba ikiibiwa njiani, watu walilala njaa. Hebu fikiria: mtu anatembea peku kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, miezi kadhaa, amebeba benki begani, na yeye mwenyewe huenda kajifunga kipande kilichopauka kwa jua! Huyo ndiye aliyekuwa choka mbaya. Mtumba wake haukuwa umechoka hata kidogo.

Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita hapa Bukene, ilifika ziwani mwaka 1928. Mizigo ikashuka mabegani, ikapanda mabehewa.

Kisha mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka iliyofuata nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zikamiminika. Zilikuja zimebanwa kwenye marobota, na nadhani hapo ndipo jina la kale lilipopata kazi mpya: kwanza likawa la robota, halafu la nguo, mwisho la uchakavu wenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufunga milango ya biashara. Rwanda ikashikilia msimamo, Tanzania ikarudi nyuma.

Nilipomsimulia yule mshikaji haya yote, alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, koti nauza bei gani?