Mnara wa Taa wa Chumbe

Mnara wa Taa wa Chumbe ni mnara wa kuongozea vyombo vya baharini uliojengwa mwaka 1904, enzi za Waingereza, katika kisiwa kidogo cha matumbawe kilichoko kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Historia yake inaonyesha kwamba jengo la kale hudumu likiendelea kutumika. Mwaka 1926 taa yake ilianza kuwashwa kwa gesi. Na nyumba ya mlinzi wa taa, iliyokuwa imebaki gofu, ilikarabatiwa kuwa kituo cha wageni baada ya miamba ya kisiwa hicho kutangazwa hifadhi mwaka 1994. Wapo wanaosema utalii huliondolea jengo heshima yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini hapa mapato ya wageni ndiyo yanayogharamia walinzi wa hifadhi na safari za wanafunzi wanaokwenda kujifunza kisiwani. Wengine huona setilaiti zimeipokonya taa kazi. Lakini nahodha wa jahazi asiye na vifaa vya setilaiti bado anaihitaji. Mbali kabisa na bahari, boma la Wajerumani la Biharamulo, mkoani Kagera, lilisalimika kwa njia hiyohiyo: lilikarabatiwa likawa nyumba ya kulala wageni.