Mtani Asiye na Ukoo

Huku kwetu Matombo mtani hashitakiwi. Ukoo mmoja wa Kiluguru una watani wake katika ukoo mwingine, na siku ya msiba watani hao ndio wanaoshika majembe ya kaburi, na ndio hao hao wanaomwiga marehemu: mwendo wake, ubahili wake, na jinsi alivyokuwa akikohoa kila alipodaiwa. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hata marehemu angekuwa mkuu wa ukoo, haponi. Lakini mtani hafanyi hivyo kwa ushujaa wake. Amezaliwa na kibali hicho, kama alivyozaliwa katika ukoo wa mama yake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Jambo hili hunijia kila ninapotazama kazi ya Godfrey Mwampembwa, ambaye Afrika Mashariki nzima inamjua kwa jina fupi la Gado. Huyu naye anawaiga wakubwa, mwendo wao na ubahili wao, tena wangali hai na wana askari. Kibali chake amekipata wapi?

Hakuwa wa kwanza kutuchekesha kwa picha. Gazeti la Uhuru, ambalo lilikuwa la chama, lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Kisha likaja gazeti la Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao walichukua herufi mbili mbili za majina yao, SA na NI, wakaunda jina la gazeti. Kutoka Morogoro mjini Sani lilipanda kwetu kwa kupitia Bigwa na Mkuyuni, katika magari yaliyokuja kuchukua ndizi na machungwa, na nakala moja ilisomwa mpaka kurasa zikalegea. Asiyejua kusoma alifuata picha, na aliyejua alisoma kwa sauti. Tuliwacheka Ndumilakuwili, Kipepe na yule mtoto mtundu Madenge. Yaani tulijicheka wenyewe: walevi, waongo, wapenda vya bure. Sikumbuki kuona kiongozi wa nchi akichekwa humo. Silisemi hili kwa lawama, maana kujicheka nako ni kazi, na Sani waliifanya vizuri sana.

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na alianza kupeleka michoro yake magazetini angali mwanafunzi. Mwaka 1991 aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo. Hakumaliza. Mwaka 1992 aliacha chuo akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation, akiwa na umri wa miaka 23 hivi. Mzazi wa zama zile angesema mtoto amerogwa: kuacha kazi ya majumba akachore vikatuni!

Alifika Kenya wakati mzuri na mbaya pia. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa Desemba 1991, lakini Rais Moi alikuwa bado madarakani, na kumchora rais lilikuwa jambo la kuogopewa. Wachoraji wa Nairobi walijaribu kidogo kidogo, kama mtu anayepima kina cha Mto Ruvu kwa fimbo kabla ya kuvuka.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote alivyotoa ni kimoja chembamba ambacho wanaomsifu huko nje hawakitaji sana. Ni Abunuwasi, hadithi za picha kwa Kiswahili, kilichotolewa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996. Abunuwasi wa kweli alikuwa Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 na ya 9, mtu wa jumba la kifalme na wa divai. Alipofika pwani yetu kwa midomo ya wasimulizi aligeuka maskini mjanja anayewashinda matajiri, makadhi na sultani. Mwaka 1935 hekaya zake zilichapwa London na Macmillan, zikawafikia watoto wa shule hata wa milimani kama sisi.

Nani asiyeijua ile ya sufuria? Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na ndogo, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara nyingine akaazima asirudishe, akasema sufuria imekufa. Jirani alipokwenda kushitaki, alikuta kesi imekwisha: aliyekubali uzazi hawezi kukataa kifo.

Mimi naona ufundi wote wa Gado umo katika hila ile. Hamtukani mkubwa. Huyachukua maneno ya mkubwa mwenyewe, akayakubali, kisha akayafuata mpaka yanakokwenda. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea uongozi wa Kenya huku wana kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Uhuru alieleza kwamba hilo lilikuwa jambo lake binafsi. Vema. Katika katuni za Gado kila mmoja alikwenda na jambo lake, yaani tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo, hata baada ya kuapishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, alikuwa ameanzisha XYZ Show, kipindi cha televisheni cha vikaragosi vya mpira vyenye sura za viongozi, kwa kufuata mfano wa Ufaransa. Hapo hata mzee asiyeshika gazeti aliwaona wakubwa wakitaniwa.

Bei ilikuja kudaiwa nyumbani. Januari 2015 serikali ya Tanzania ililizuia gazeti la The East African, ambalo lilikuwa limebeba katuni yake ya Rais Kikwete akistarehe katikati ya wanawake waliopewa majina ya maovu, rushwa ikiwa mojawapo. Sababu iliyotolewa ni kwamba gazeti halikuwa limesajiliwa nchini. Gado alipewa likizo ya mwaka mzima, na mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuendelezwa, baada ya zaidi ya miaka 20. Mtoto wa Dar es Salaam alikuwa amechora yote yale ya Kenya, na akaangukia kwenye katuni ya kwao.

Mwaka huohuo alihamia gazeti la The Standard, hapohapo Nairobi. Mwezi Mei, Kofi Annan alimkabidhi tuzo ya wachora katuni huko Geneva. Aliyepewa pamoja naye ni Zunar wa Malaysia, ambaye siku hiyo alikuwa na mashitaka tisa ya uchochezi nchini mwake. Yalifutwa mwaka 2018.