Mifupa ya Tendaguru na Mabega Yaliyoibeba

Katika miji ya Ulaya, joto la mwezi wa Agosti huwatoa watu majumbani. Wapendao maji huelekea ziwani au mtoni. Wenye watoto wadogo, na hasa wasiotaka kuunguzwa na jua, aghalabu huwapeleka watoto wao katika majumba ya makumbusho, ambako kuta nene huhifadhi ubaridi. Mjini Berlin lipo jumba moja la namna hiyo, Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, ambalo tangu mwaka 1937 limezivuta familia, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya mifupa ya mnyama mmoja. Mifupa hiyo, kwa jinsi ilivyosimamishwa upya mwaka 2007, ina kimo cha mita 13.27. Mtoto akisimama penye unyayo hana budi kulaza kisogo chake mgongoni ndipo akione kichwa. Mzazi humweleza kwamba mnyama huyu alikuwa akila majani, kwamba hakuna tena kama yeye duniani, na kwamba alichimbwa Afrika ya Mashariki. Kisha familia husogea kwa mnyama wa pili.

Katika makala haya tunakusudia kukaa kidogo juu ya maneno hayo, "alichimbwa Afrika ya Mashariki", kwa kuwa kitenzi hicho kimemficha mtendaji wake. Alichimbwa na nani? Na mchimbaji alikuwa na njaa au alikuwa ameshiba?

Kilima cha Tendaguru kiko katika Mkoa wa Lindi, yapata kilometa 60 kutoka mjini Lindi kuelekea bara. Miaka milioni 150 iliyopita mahali hapo palikuwa pwani, penye vidimbwi vya maji ya chumvi na mchanga uliofunikwa na kufunuliwa na bahari. Ndiyo sababu matabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu yanapishana na matabaka yenye makombe ya baharini. Mwalimu wa jiografia anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kwamba pwani husogea hahitaji mfano bora kuliko huo. Wanyama waliokufa katika mchanga ule walifunikwa, na mifupa yao ikageuka kuwa mawe, yaani visukuku.

Watu wetu wamezoea kumwita mnyama huyu "mjusi wa Tendaguru". Hatuna ugomvi na jina hilo, maana limeshakaa vinywani. Ila mwanafunzi asije akadhani kwamba tunazungumza juu ya ndugu mkubwa wa mjusi wa ukutani. Kuku anayepekua uani ana udugu wa karibu zaidi na dinosaria kuliko mjusi. Wataalamu walimpa mnyama huyo jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa heshima ya profesa mmoja wa Berlin, Wilhelm Branca, na siku hizi wengi wao humwita Giraffatitan, kwa sababu shingo yake iliwakumbusha twiga. Suala la majina tutalirudia, kwa maana lina uzito wake.

Vitabu vingi husema kwamba mifupa ya Tendaguru "iligunduliwa" mwaka 1906 na mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni moja ya Lindi. Mifupa mingine ilikuwa imejitokeza juu ya ardhi, nayo ilikwisha kuonwa na wenyeji. Alichofanya Sattler ni kupeleka habari kwa wakubwa wake. Lakini tuutazame mwaka wenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na katika muda wa wiki chache vikaenea hadi kwa Wamwera wa bara ya Lindi. Mwaka 1906 jeshi la Wajerumani lilikuwa bado likichoma vijiji na ghala za nafaka kusini mwa nchi. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Basi Mzungu alipopita katika vichaka vya Tendaguru akaona nchi yenye mifupa mingi na watu wachache, hakuwa akiitazama nchi ambayo sikuzote ilikuwa tupu. Alikuwa akitazama nchi iliyomwagwa watu wake. Baadaye serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi yenye mifupa kuwa mali yake, kwa hoja kwamba haikuwa na mwenyewe, na kwa njia hiyo ikajipatia haki ya kuichukua mifupa.

Mwaka 1907 alifika mtaalamu kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, akachukua mifupa michache na kupeleka habari zilizowasha hamu ya Berlin. Fedha zikachangwa kwa matajiri na wakubwa wa serikali ya Kaisari, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 msafara mkubwa ukapiga kambi Tendaguru. Werner Janensch na Edwin Hennig waliuongoza hadi 1911, na Hans Reck akawafuata, akiwa pamoja na mkewe Ina. Hennig aliandika kitabu juu ya safari hiyo, naye Ina Reck akaandika chake. Kwa njia hiyo tunafahamu mengi juu ya yale waliyoyaona na kuyawaza Wazungu hao wachache. Waliochimba hawakupata mwandishi.

Na waliochimba walikuwa wengi. Mwaka wa kwanza walikuwa yapata watu 170. Mwaka uliofuata walifika kama 400, na mwaka 1911 kama 500. Tusidhani kwamba waliitwa na mapenzi ya elimu. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na katika nchi iliyotoka vitani rupia hazikupatikana kirahisi. Hata hivyo ingekuwa kosa kuwaona kuwa ni mikono mitupu tu, jinsi walivyoonwa na wengine. Kuuchimba mfupa wa jiwe uliopasuka vipande mia si kazi ya kulima. Jembe na sururu hufika mahali zikawekwa kando, na hapo zikahitajika zana ndogo, jicho na subira. Mfupa mmoja wa paja humpita mtu kwa kimo. Ukitikiswa bila uangalifu huwa changarawe. Kazi hiyo ya ustadi ilisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye wakuu wa msafara wenyewe walimtegemea katika uchimbaji na utayarishaji wa mifupa. Palikuwako na wasimamizi wengine kadhaa, kila mmoja na shimo lake na kundi lake.

Jambo moja ambalo hutajwa kwa kupita tu, nasi twaona lastahili kutuliwa, ni kwamba wafanya kazi wengi walikuja na familia zao. Kambi ya Tendaguru ikawa kijiji chenye watu mia kadhaa, chenye wake waliotwanga, waliopika na kuteka maji, na watoto waliokua miongoni mwa mashimo. Basi watoto wa kwanza kusimama mbele ya mifupa ile na kustaajabu hawakuwa watoto wa Berlin. Walikuwa watoto wa Lindi, kwenye jua kali la kiangazi, zaidi ya miaka 20 kabla ya ukumbi wa Ulaya kufunguliwa. Waliyaona maonyesho yale bila kiingilio, mifupa ikiwa bado imelala pale ilipolazwa na bahari. Waliambizana nini, na wazazi wao waliwasimulia nini usiku? Hatukuachiwa maandishi. Wazee wa vijiji vya Lindi ndio maktaba iliyobaki, na maktaba hiyo hupungua kila mwaka.

Baada ya kuchimba kulikuwa na kubeba. Reli haikuwako, wala barabara ya magari. Ng'ombe na punda hawangeweza kutegemewa kwa sababu ya mbung'o. Mifupa ilifungwa kwa udongo na plasta, na iliyokuwa mikubwa ikazungushiwa mianzi iliyopasuliwa na kukazwa kwa kamba, mfano wa mtu aliyevunjika mguu anavyofungwa banzi. Ufundi huo wa mianzi ulikuwa mzuri kiasi kwamba hadi karne hii ya 21 baadhi ya vifurushi vilikuwa bado havijafunguliwa huko Berlin, na wataalamu wamevichungulia kwa mitambo ya eksirei. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ilikuwa mwendo wa siku nne. Wapagazi walibeba maelfu ya mizigo, kichwani na begani, na mizigo mizito ilitundikwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa kwa pamoja. Jumla ilizidi tani 200. Kila ratili ya uzito huo ilipita juu ya mwili wa mtu kabla ya kupanda meli.

Sasa turudi kwenye majina. Tulisema kwamba mnyama mkubwa alipewa jina la profesa. Mwingine, Dicraeosaurus, alipewa jina la pili la mchangishaji, Hansemann. Na Elaphrosaurus akapewa la Bamberg, tajiri aliyetoa fedha. Mwaka 1919 dinosaria mmoja mdogo kutoka Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika nchi yetu kuanzia 1914 hadi 1918, katika vita ambavyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu kwa mizigo, njaa na maradhi. Hapana shaka kwamba mtoaji wa jina hilo aliona anamtukuza shujaa. Sisi twasoma jina hilo kwa macho mengine.

Mifupa mikubwa ilipochomolewa kwenye masanduku, ikasafishwa na kuunganishwa, miaka ilikwisha kupita mingi. Ilisimamishwa mbele ya umma mwezi Agosti 1937, huku bendera za Wanazi zikiwa zimetundikwa kando yake. Mnyama aliyekufa kabla ya binadamu yeyote kuzaliwa aligeuzwa kuwa shahidi wa ukuu wa taifa fulani. Mwaka 1945 mabomu yaliangusha sehemu ya jumba hilo, mifupa ikanusurika. Baadaye ikawa katika Berlin ya Mashariki, na mwaka 1984 ilisafirishwa hadi Japani kuonyeshwa Tokyo. Waingereza nao, walipoitawala Tanganyika, walituma wachimbaji wao Tendaguru kati ya 1924 na 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa Lindi kwa malaria mwaka 1925, na msaidizi wake kijana alikuwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya, ambaye jina lake lilikuja kufungamana na Olduvai.

Je, mifupa irudishwe? Swali hili limeulizwa bungeni na magazetini mara nyingi, na wawakilishi wa Lindi wamelipigania kwa haki. Mwaka 2018 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Dkt. Augustine Mahiga, alieleza kwamba serikali haikukusudia kudai irudishwe, bali ilitaka ushirikiano katika uchimbaji na utafiti. Wanaounga mkono msimamo huo hutaja gharama za jumba, uzito na udhaifu wa visukuku. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini twapenda kukumbusha jambo ambalo si kila mtazamaji hulifahamu: hata mnyama anayesimama Berlin si mifupa ya asili yote. Pingili za uti wa mgongo ni nzito na dhaifu mno, hivyo zilizopandishwa juu ni mifano iliyofinyangwa, na mapengo mengine yamezibwa kwa mifupa ya wanyama wengine wa aina hiyo. Ikiwa mfano unatosha kumstaajabisha mtoto wa Berlin, haifai kusemwa kwamba Lindi itasubiri hadi ipate mifupa ya asili ndipo mtoto wake aone kitu. Mifano yaweza kufinyangwa, picha na daftari za uchimbaji zaweza kunakiliwa, na vijana wetu waweza kufunzwa usafishaji na uhifadhi wa visukuku. Kwa maoni yetu hayo ni malipo ya deni, wala yasihesabiwe kuwa msaada. Nayo hayafuti haki ya kuuliza juu ya mifupa yenyewe.

Ardhi yetu, kwa bahati nzuri, haijamaliza kusema. Huko Rukwa na Songwe wamechimbwa dinosaria wengine, na safari hii Watanzania wamekuwa miongoni mwa watafiti. Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014, na mwaka 2017 akafuata Shingopana, jina ambalo mwanafunzi wa darasa la kwanza hulielewa bila kamusi ya Kilatini.

Na huko Tendaguru kwenyewe mambo yameanza kugeuka, ingawa taratibu. Mwaka 2007 watafiti waliipitia tena mifupa iliyokuwa imewekwa kabatini Berlin, wakatambua aina isiyojulikana, wakaiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 pingili za mkia ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa za mnyama mwingine zilipewa jina jipya, Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera. Sehemu ya pili ya jina ni ya Mohammadi Keranje, msimamizi wa kundi lililouchimba mkia huo zaidi ya miaka 100 kabla yake.