Rimu za zama, si rimu za zamani

Mjimwema ziko mbili: kata ya mjini Njombe, na nyingine ya Makambako, kilomita kama 60 kaskazini, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Kwa mafundi wa pande zote mbili neno rimu halina utata. Tairi ni mpira, rimu ni chuma kinachoushika, na vikifungwa pamoja ni gurudumu. Ringi ni ya baiskeli.

Utata unaanza pale mwenye Land Rover kuukuu anapoamua kuifufua na kuibadilisha atakavyo, lakini akataka rimu zisizoisaliti. Wapenzi wa magari ya kale Uingereza na Marekani wana istilahi ya rimu za namna hiyo, na mtu akiitafsiri kwa haraka atasema "rimu za zamani". Hapo fundi atamletea chochote chenye kutu.

Mimi napendekeza tuseme rimu za zama. Zamani huhesabiwa kuanzia leo kurudi nyuma, lakini zama ni za gari lenyewe.

Tuchukue Land Rover fupi, ile ya inchi 88, ya mwaka 1965. Rimu yake ina matundu matano ya bolti, yaliyopangwa kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 165.1. Kwa kuwa matundu ni matano, hakuna mawili yanayotazamana, hivyo kipenyo hicho hakipimiki moja kwa moja. Pima matundu mawili yanayopakana, katikati kwa katikati: upate kama milimita 97. Rimu ya Toyota Hilux ya kupanda milima ina matundu sita, basi hiyo haina mjadala.

Sasa lete rimu ya alumini ya Land Rover Discovery ya kwanza, gari lililotoka mwaka 1989. Mduara wa bolti ni uleule, milimita 165.1. Rimu yenyewe leo ni ya zamani kabisa, pengine imemzidi umri fundi anayeishika. Hata hivyo si ya zama za gari la 1965, na mtu anayeyajua magari haya ataliona hilo akiwa ng'ambo ya barabara. Kulingana kwa bolti hakuthibitishi zama.

Tusichanganye pia na rimu asilia, yaani iliyotoka na gari kiwandani. Gari lililobadilishwa halibanwi hivyo. Swali lake ni moja tu: mwenye gari hili, mwaka ule, angeweza kuifunga rimu hii? Ile 88 ilitoka na rimu za inchi 16 zenye upana wa inchi 5, kwa tairi za 6.00-16. Ndugu yake ndefu, 109, ilikuwa na upana wa inchi 5 na nusu, kwa tairi za 7.50-16. Ukiifunga 88 rimu za 109 pamoja na tairi zake umeacha uasilia, lakini umebaki ndani ya zama, na gari linainuka vizuri kwa matope ya Njombe. Kwangu huo ndio uteuzi bora kuliko wote, kwa sura na kwa kazi.

Kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe zama zina ukingo mkali zaidi. Kuanzia matoleo ya 1968 kiwanda kilihama kutoka bolti tano kwenye mduara mpana wa milimita 205 kwenda bolti nne kwenye mduara wa 130. Hapo gari lenyewe linakukatalia.

Jambo moja la kiufundi kwa atakayezipata za Land Rover: rimu nyingi za wakati ule zimeunganishwa kwa ribiti, na hewa hupenya kwenye ribiti hizo. Azifunge na tyubu, hata kama muuzaji wa tairi atamwambia tyubu zimepitwa na wakati.