Golfu: mutu anaangalia nini wakati anachagua draiva?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Draiva tunayoizungumzia hapa si shofere wa taxi ao wa Fuso. Ni fimbo ya golfu, ile ndefu kuliko zote ndani ya mufuko wa muchezaji, yenye kichwa kikubwa sawa ngumi mbili za mutu muzima. Inatumika mara nyingi kwa pigo la kwanza, wakati mupira umewekwa juu ya kijiti kidogo na muchezaji anataka kuufikisha mbali. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 ndani ya mufuko mumoja. Kati ya zote, draiva ndiyo inaleta mabishano mengi, na mara nyingi ndiyo inakula feza mingi.

Draiva mupya ya kampani kubwa, sawa TaylorMade, Callaway, Ping ao Titleist, inauzishwa Marekani karibu dola 600. Kwa familia nyingi za hapa kwetu, hiyo ni minerval ya watoto kadhaa. Hata vile, golfu si muchezo wa mbali sana na sisi. Lubumbashi kuna uwanja tangu zamani, Kigali kuna ule wa Nyarutarama wenye mashimo 18, na Kampala wanacheza tangu wakati wa Waingereza. Kila uwanja uko na vijana wenye kubeba mifuko ya wachezaji, na wengi wao wanajifunza muchezo kwa fimbo ya kupewa ao yenye imekwisha kutumika. Yeye ndiye anaumia zaidi akichagua vibaya, sababu hana dola 600 ingine ya kurudilia.

Umbali ndio jibu la kwanza

Ukiuliza wachezaji wanataka nini ndani ya draiva, wengi watakujibu: umbali. Na si uongo kusema umbali uko na maana. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, kule New York, alichunguza mapigo mengi sana ya wachezaji wa kulipwa na wa kawaida, akatoa kitabu mwaka 2014. Alikuta kwamba tofauti kati ya muchezaji muzuri na mudhaifu inatoka zaidi ku mapigo marefu, karibu mara mbili ya ile inayotoka ku mapigo mafupi na ya kuingiza mupira ndani ya shimo. Zamani watu walikuwa wanafikiri ni kinyume.

Lakini hapa ndipo matangazo ya biashara yanapitia. Kila mwaka kampani inasema draiva yake mupya inafikisha mupira mbali kuliko ya mwaka jana. Kumbe kuna ukuta. Mashirika mawili yanayotunga kanuni, USGA ya Marekani na R&A ya Scotland, yaliweka mipaka. Kichwa hakipaswe kupita santimeta kibe 460. Fimbo isipite santimeta 122 hivi, na tangu mwaka 2022 mashindano makubwa yanaweza kupunguza hadi santimeta 117 hivi. Tena uso wa fimbo hauna ruhusa ya kuruka sawa kamba ya mpira kupita kiasi: mupira ukigonga uso kwa mwendo wa 100, usirudishwe kwa zaidi ya 83. Siku hizi wanapima kwa chuma kidogo chenye kuning'inia, wanahesabu ni muda gani kinagusa uso, na kipimo ni sehemu 257 za sekunde iliyogawanywa mara milioni.

Kwa hiyo mupira ukipigwa katikati kabisa ya uso, draiva ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita haziachani sana. Kinachotofautisha ni pigo lenye halikupata katikati. Na mutu wa kawaida ni mara ngapi anapata katikati? Hapo ndipo tunaingia ku jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapashwa kutangulia umbali.

Fimbo yenye kuvumilia makosa

Wale wenye kucheza kwa Kifaransa wanaita hiyo tolérance, sisi tuseme uvumilivu. Maana yake ni hii: ukikosea kidogo, ukapigia mupira ku ncha ya kichwa ao karibu na mupini, kichwa hakizunguke sana mukononi, na mupira haupotee ndani ya pori.

Watu wa Goma wataelewa haraka kwa mufano wa chukudu. Weka mifuko miwili ya makala katikati ya chukudu, utaigeuza bila shida. Chukua mifuko ileile, funga moja mbele kabisa na ingine nyuma kabisa. Uzito ni uleule, lakini kugeuza sasa ni kazi. Watengenezaji wa draiva wanafanya vile: kichwa kiko na gramu 200 hivi, na wanajaribu kusukuma gramu hizo kwenda pembeni na nyuma, mbali na katikati, ili kichwa kikatae kuzunguka.

Njo maana vichwa vilikuwa vikubwa. Zamani draiva ilitengenezwa na muti mugumu wa persimmon, kichwa kidogo, na mutu aliyekosea katikati alilia. Kisha ikaja chuma. Mwaka 1991 Callaway ikatoa Big Bertha, ya chuma yenye uwazi ndani, santimeta kibe 190, na watu walishangaa ukubwa wake. Mwaka 1995 ikatoa ya titani, kubwa zaidi. Titani ni nyepesi na ina nguvu, kwa hiyo unaweza kupanua kichwa bila kuongeza uzito. Leo mara nyingi sehemu ya juu ni ya kaboni, na tangu mwaka 2022 TaylorMade inatengeneza hata uso wa kaboni.

Uvumilivu pia uko na kipimo na mupaka: 5.900, pamoja na 100 ya kuvumilia, kwa namna kichwa kinavyokataa kuzunguka kushoto na kulia. Mwaka 2007 kampani ya Nike ilitoa draiva ya kichwa cha mraba, ikakaribia sana mupaka ule, kisha ikalazimika kuomba watu warudishe zingine sababu uso wake ulikuwa unaruka kupita kipimo. Mwaka 2024 Ping ilitoa yenye jina la 10K. Usidanganywe na hesabu: hiyo 10.000 wanaipata kwa kujumlisha kuzunguka kwa kushoto-kulia na kuzunguka kwa juu-chini. Ni fimbo nzuri, lakini haikuvunja kanuni.

Kuna jambo hapa linatugusa sisi wa Kivu na Maniema. Ili gramu kidogo zikae ndani ya nafasi ndogo nyuma ya kichwa, wanatafuta madini mazito. Santimeta kibe moja ya titani ina gramu 4,5. Ya chuma ina karibu 8. Ya tungisteni ina 19,3. Na tungisteni inatoka ndani ya wolframite, ile ya tatu ndani ya «3T», pamoja na kasiterite na koltani, tunayoisikia kila siku ku habari. Haimaanishi kwamba ndani ya kila draiva kuna jiwe la kwetu: China ndiyo inatoa sehemu kubwa ya tungisteni ya dunia. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile Dodd-Frank, iliomba kampani zenye hisa ku soko zichunguze kama bati, tantali, tungisteni na zahabu yao inatoka Congo ao inchi jirani. Kwa hiyo nao watengenezaji wa fimbo za golfu wakajikuta wanaandika ripoti juu ya udongo wetu. Muchimbaji mwenye kusukuma nyundo ndani ya shimo, sijui kama aliwahi kuona uwanja wa golfu.

Pembe na mupini

Sasa tufike ku mambo mawili ambayo duka halisemi kwa sauti, na ambayo ndiyo yanaharibu feza ya watu wengi.

La kwanza ni pembe ya uso, ni kusema uso umelala kiasi gani. Draiva zinaandikwa 9, 10,5 ao 12. Wanaume wengi wanapenda kuchukua 9, sababu wameona wale wa televisheni wanatumia hiyo. Lakini wale wa televisheni wanazungusha fimbo kwa mwendo wa kilometa 180 kwa saa na zaidi. Mutu wa kawaida anafika karibu 150, wengine chini. Kwa mwendo ule, uso wenye kusimama unaufanya mupira uende chini na uanguke mapema. Mwenye mwendo mudogo anahitaji pembe kubwa ili mupira upande na ukae hewani. Tena pembe kubwa inapunguza kupinda kushoto ao kulia. Kuchukua 12 si haya.

La pili ni mupini. Kwa draiva za leo ni wa kaboni, na kuna wenye kukunjama sana na wenye kukaza. Wanaandika kwa herufi: L, A, R, S na X, kutoka mulaini mpaka mugumu. Shida ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha wote. R ya kampani moja inaweza kuwa ngumu sawa S ya ingine. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi, lazima kujaribu. Mupini mugumu sana kwa mutu mwenye mwendo mudogo unamupa pigo lisilo na uhai, na mara nyingi mupira unapotelea kuume. Urefu nao: kila santimeta inaongeza mwendo kidogo, lakini inafanya kupata katikati kuwa kugumu. Kijana akipewa draiva ndefu ya mutu murefu kumupita, ni afazali kushika chini kidogo ku mushikio kuliko kupigana nayo.

Katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani kuna mashine ya kupima mwendo, urefu wa kuruka na namna mupira unazunguka. Hapa kwetu mashine hiyo ni ya nadra. Unaweza kufanya na mipira kumi: piga, kisha angalia ni mingapi imebaki ndani ya uwanja. Usihesabu ule mumoja ulioenda mbali zaidi. Na kumbuka kwamba Kigali iko juu sana, mita 1.500 hivi, hewa ni nyepesi na mupira unaenda mbali kuliko Mombasa. Mita zako za mulimani usizipeleke pwani kujisifu.

Sauti, sura na umri wa fimbo

Wengine watacheka, lakini sauti inauzisha draiva. Ile ya mraba ya Nike, watu wengi waliichukia sababu ilikuwa inalia sawa sahani ya bati. Sauti haiongezi hata mita moja, lakini mutu asiyependa fimbo yake hazungushi kwa uhuru. Rangi na sura ni vilevile. Mimi sioni kosa mutu akichagua kwa jicho, basi awe amekwisha kumaliza hesabu ya pembe na mupini.

Na draiva inazeeka. Uso unapigwa mara maelfu, unazidi kuwa mwembamba, unaruka zaidi, kisha siku moja unapasuka. Katika mashindano ya PGA Championship ya mwaka 2025, draiva ya Scottie Scheffler, namba moja wa dunia, ilikataliwa ku kipimo sababu uso ulikuwa umepita kiasi. Hakuna aliyesema alidanganya, ni matumizi tu. Akachukua ingine, akashinda mashindano.

Kwa ile inayonunuliwa mukono wa pili, hatari ni mbili. Ya kwanza ni fimbo za uongo: jina la kampani kubwa, bei ya dola 80, kichwa cha chuma cha ovyo. Angalia namba iliyochongwa karibu na mupini, angalia kama maandishi yamenyooka, na kama kofia na funguo ya kugeuza pembe vinafanana na vya kampani. Ya pili ni uchovu. Pitisha kidole ku uso na ku mushono kati ya uso na sehemu ya juu. Ukitikisa kichwa na unasikia kitu kidogo kinacheza ndani, mara nyingi ni gundi iliyokauka, haina neno. Ufa ku uso, hata mufupi sawa ukucha, usiulipie.