Fahamu Matumizi ya Viuagugu katika Maji yenye Samaki

Magugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, yaliripotiwa katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika kuyadhibiti, nchi zinazolizunguka ziwa hilo ziliegemea zaidi mbawakavu wa jenasi ya Neochetina pamoja na uopoaji wa mikono na mashine kuliko dawa. Kwa wafugaji wa samaki wenye mabwawa madogo, hata hivyo, kiuagugu huonekana kuwa njia ya mkato, na hapo ndipo hasara hutokea.

Mara nyingi kinachoua samaki baada ya kunyunyiza si sumu ya dawa, bali ni ukosefu wa hewa. Magugu yakifa kwa pamoja huoza, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, hivyo hatari ni kubwa zaidi wakati wa kiangazi. Dalili huonekana alfajiri, samaki wanapopanda juu kuhema. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu na kunusurika. Sato hana uwezo huo.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa kutibu takribani theluthi moja ya eneo, kuanzia ukingo mmoja ili samaki wapate pa kukimbilia, kisha kusubiri wiki mbili kabla ya kuendelea. Bwawa lililokwisha kufunikwa lote liopolewe kwanza.

Dawa nazo hazilingani. Glifosati yenyewe haina sumu kali kwa samaki, lakini sabuni zinazochanganywa nayo ili ishike kwenye jani zinaweza kuwadhuru samaki na viluwiluwi. Dawa iliyobaki shambani kwenye mahindi, kwa hiyo, si dawa ya bwawa. Salfeti ya shaba inayotumika kuua mwani ni hatari zaidi katika maji yenye chokaa kidogo.

Nchini Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Lebo isiyotaja matumizi ya majini haitoi ruhusa, hata kama muuzaji atasema vinginevyo. Mwenye bwawa linalotiririsha maji mtoni amwone kwanza ofisa uvuvi wa halmashauri na bodi ya maji ya bonde husika. Samaki waliokufa baada ya kunyunyiza wafukiwe, wasiuzwe, na maji yasitumike kwa kunywa, kunyweshea mifugo wala kumwagilia mpaka siku zilizotajwa kwenye lebo zipite.