Mgeni wa Mto Gura

Hakuna samaki anayeweza kupanda maporomoko ya Mto Gura. Maji yanaanguka karibu mita 300 kutoka ukingo wa uwanda wa juu wa milima ya Nyandarua, nchini Kenya, hadi kwenye bonde lenye msitu mzito, na ng'ambo ya bonde hilo hilo maporomoko ya Karuru yanashuka mita 273 kwa ngazi tatu. Hata hivyo, ukipanda hadi huko juu, palipo na nyasi za mafungu na lobelia ndefu kama watu waliojifunika mablanketi, ukainama taratibu kando ya kijito, utaona kivuli kirefu kimetulia dhidi ya mkondo, mkia ukicheza kidogo kidogo. Huyo ni trauti. Hakupanda mwenyewe. Kila trauti aliye juu ya maporomoko yupo pale kwa sababu mtu fulani alimbeba, au alimbeba babu wa babu yake.

Milima yenyewe ina majina mawili, na hilo peke yake ni dalili ya mambo yaliyofuata. Wakikuyu waliiita Nyandarua, ngozi iliyowambwa ikauke, kwa vile mgongo wake ukitazamwa kwa mbali unafanana na ngozi iliyotundikwa. Katika miaka ya 1880 Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, aliibandika jina la rais wa chama chake, Bwana Aberdare, ambaye hakuwahi kuiona.

Wakikuyu waliokaa chini ya milima hiyo waliijua mito yake vizuri kuliko mtu yeyote. Gura, Chania, Mathioya na mingineyo ndiyo iliyogawa matuta yao, na tuta kwa tuta ndivyo koo zilivyojipanga. Lakini mto kwao ulikuwa wa maji, wa mipaka na wa viapo, si wa kitoweo. Samaki hawakuliwa. Wazee wengi walimweka samaki kundi moja na nyoka, na mtu aliyemla alitazamwa kwa jicho la pembeni. Hata neno la Kikikuyu la samaki, thamaki, lina harufu ya safari: ni samaki wetu huyu huyu wa pwani, aliyepanda bara akabadilisha herufi njiani. Na katika vijito vya juu kabisa, vyenye baridi ya kuuma mifupa, palikuwa na wadudu wa majini, vyura na kaa, lakini kwa samaki palikuwa patupu.

Mzungu aliyeona utupu huo akaudhani ni upungufu aliitwa Ewart Grogan. Alikuwa ameshajipatia jina kwa kutembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo kati ya 1898 na 1900, safari ambayo husimuliwa kuwa aliifanya ili kumthibitishia baba wa kambo wa mchumba wake kwamba yeye si mtu wa bure. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa la Scotland linalosifika kwa samaki hao, akayapandikiza katika Gura.

Kusafirisha mayai ya samaki kupita Ikweta kunasikika kama kichekesho, lakini ufundi huo ulikuwa umeshakomaa. Mwaka 1864 Waingereza walikuwa wamefikisha mayai ya trauti na samoni Australia kwa meli iitwayo Norfolk, safari ya miezi mitatu hivi, yakiwa yamelazwa ndani ya ukoga wenye unyevu na kuzungukwa na barafu. Siri iko kwenye wakati. Yai la trauti linapofikia hatua ya kuonyesha macho, vitone viwili vyeusi ndani ya tone la rangi ya chungwa, linakuwa gumu kiasi. Likiwekwa penye baridi ukuaji wake hupungua kasi, na linaweza kusafiri bila maji ya kuogelea alimradi lisikauke. Likipata joto, limekwisha.

Sasa fikiri mwisho wa safari ile. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, kwa hiyo sehemu kubwa ya bara ilipitwa kwa gari moshi. Lakini reli haikupanda Nyandarua, na mwaka 1905 hapakuwa na barabara ya gari iliyopanda huko. Kilichobaki kilikuwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walipanda kwenye matope ya mianzi, wakapita baridi ya alfajiri, wakiwa wamebeba mayai ya mnyama ambaye wenyeji wa milima ile hawamli, kwa ajili ya mchezo ambao hakuna aliyewaalika kuucheza. Vitabu vya wavuvi hutaja jina la Grogan katika aya ya kwanza ya historia ya trauti wa Kenya. Wapagazi hawana aya.

Nisingependa kumfanya Grogan shetani wa hadithi. Mwaka 1947 alijenga hospitali ya watoto Nairobi kwa kumbukumbu ya mkewe Gertrude, na hospitali hiyo inatibu watoto hadi leo. Lakini historia haimruhusu kubaki mpenda samaki tu. Machi 1907, miaka miwili baada ya mayai yale, aliongoza kundi la walowezi hadi mbele ya mahakama ya Nairobi na kuwacharaza viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakikokota riksha, akidai waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alifungwa mwezi mmoja. Mkono uliomwaga trauti mtoni kwa upole wa mkunga ndio ulioshika kiboko kile, na anayetaka kuelewa mto huu ulivyotawaliwa kwa nusu karne iliyofuata hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Trauti mwenyewe hakuwa na habari na siasa. Alikuta maji ya baridi yenye hewa tele, changarawe safi ya kutagia, na wadudu ambao hawakuwahi kuliwa na samaki. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa kupigapiga mkia, hutaga, dume humwagia mbegu, kisha jike hufukia. Hivyo tu, na mto ukawa na wenyeji wapya. Miaka michache baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, wenye mstari wa waridi ubavuni, ambao asili yao ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Hao hustahimili joto kidogo zaidi na hukua haraka, na ndio waliosambazwa kwenye mito mingi inayoshuka kutoka Mlima Kenya: Naro Moru, Burguret, Thego, Ragati, Sagana.

Pamoja na samaki ulikuja uvuvi wake. Mvuvi wa Lamu au Pemba akitaka mshipi wake uende mbali hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaovuta chambo hadi chini. Mvuvi wa trauti hana chubwi. Chambo chake ni ndoano ndogo, nyingine hazizidi punje ya mchele, iliyovishwa nyuzi na manyoya ya ndege hadi ikafanana na mdudu, na haina uzito wowote wa kurushwa. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, mnene na laini. Anauinua kwa ufito hadi unyooke hewani nyuma yake, anasubiri kidogo, kisha anausukuma mbele, na ile subira ndiyo inayowashinda wanafunzi wengi. Mshipi unajikunjua juu ya maji, na mwisho wake, kwenye uzi mwembamba usioonekana, mdudu wa uongo anatua kama aliyechoka kuruka. Trauti hukaa ametazama mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe, kwa hiyo mvuvi hupanda mto kutoka nyuma yake, amejikunyata, kivuli chake kisitangulie. Kwenye Gura kazi inakuwa ngumu zaidi: mto una kasi, mawe yanateleza kama sabuni, na nyuma ya mgongo kuna matawi yanayongoja kunasa ndoano. Nusu ya siku mtu huvua miti.

Nyeri ukageuka mji wa wavuvi wa namna hiyo. Mwaka 1928 ilifunguliwa hoteli ya Outspan ikitazama bonde la Chania, na wageni wakawa wanashuka mtoni asubuhi na kurudi kwa chai. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijenga nyumba yake ya mwisho katika uwanja wa hoteli hiyo, akafa humo Januari 1941. Kulikuwa na leseni, kulikuwa na kipimo cha samaki wa kuchukuliwa, na kwenye mito mingi chambo kilichoruhusiwa kilikuwa kile cha manyoya pekee. Kijana wa Kikuyu aliyeketi kwenye jiwe na fimbo, uzi na mnyoo alikuwa mhalifu. Mzungu aliyesimama hatua ishirini juu yake akiwa na leseni mfukoni alikuwa mwanamichezo. Samaki ni mmoja.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, kwenye Mto Sagana, ili mito isitegemee bahati. Kazi ya kituo cha namna hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Jike aliyeiva hushikwa kwa kitambaa chenye unyevu, tumbo likapapaswa kuelekea mkiani, na mayai yakatiririka kwenye karai kavu kama shanga za chungwa. Dume naye hupapaswa, mbegu zake zikadondoka juu. Mtu huchanganya kwa unyoya, polepole, kwa sababu kijiti kingepasua. Ndipo maji huongezwa. Yakiwa kwenye nyuzi 10 hivi, mayai huanguliwa baada ya takriban mwezi, na vitoto hutoka na mkoba wa kiini tumboni, chakula cha siku za mwanzo. Ni kazi ya mikono yenye subira, na wengi walioifanya walikuwa vijana wa vijiji ambavyo samaki alikuwa mwiko.

Sagana hiyo hiyo ina nyumba ambayo koloni la Kenya lilimzawadia Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Alikuwa hapo tarehe 6 Februari 1952, ametoka kulala hoteli ya Treetops, mumewe Philip alipompasha habari kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ni malkia. Habari hii imesimuliwa mara elfu. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kabla mwaka huo haujaisha, Oktoba 20, hali ya hatari ilitangazwa ili kuzima uasi dhidi ya ukoloni, na mwaka uliofuata msitu wa Nyandarua ukawa eneo la marufuku ambamo mtu aliyeonekana aliweza kupigwa risasi bila maswali. Ndege za kivita zilidondosha mabomu juu ya mianzi. Treetops ilichomwa moto mwaka 1954. Katika mabonde yale yale ya vijito vya trauti, wapiganaji wa uasi huo, wakiongozwa na Dedan Kimathi, walichota maji, wakaosha vidonda, wakavuka usiku. Mto uliokuwa wa starehe ukawa njia ya watu wanaowindwa. Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Nyeri, Oktoba 21, 1956.

Uhuru ulipokuja, nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa taifa, na kituo cha Kiganjo kikabaki na kazi yake. Samaki aliyekuwa mwiko akaanza kuingia jikoni. Leo kuna mashamba ya trauti kwenye miteremko ya Mlima Kenya yanayouza kwa hoteli za Nairobi, na karibu na Nanyuki kuna mkahawa uliojengwa juu ya mgumo, mabwawa ya samaki yakiwa chini yake. Mgumo, mti ambao wazee walisali chini yake! Sijui wangesema nini, ila naona watoto wao wanakula na kuagiza tena.

Kenya pia imekuwa mojawapo ya nchi zinazofunga kwa wingi vile vidudu vya manyoya. Katika karakana za Nairobi na kwingineko, wafanyakazi huketi mbele ya vibano vidogo, wakizungusha uzi kwenye ndoano moja baada ya nyingine, na mizigo husafirishwa Ulaya na Marekani. Kimojawapo cha vidudu hivyo, cheusi, kinauzwa ng'ambo kwa jina la Kenya. Mayai yalitoka Scotland. Chambo sasa kinakwenda huko.

Tatizo la sasa ni maji. Trauti hapatani na joto: mto ukivuka nyuzi 20 hivi anaanza kuhangaika. Mwaka 1999 uchunguzi kutoka angani ulionyesha msitu wa Mlima Kenya umeliwa na mashamba ya bangi, tanuri za mkaa na wakata mbao, na sasa barafu ya kileleni imebaki mabaka. Upande wa Nanyuki, mabomba ya kumwagilia maua na mboga huinywa mito wakati wa kiangazi hadi mingine ikakatika kabla ya kufika chini. Nyandarua imepona kidogo kwa sababu ya uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi uliokamilishwa 2009 kuizunguka. Watu wa Othaya na Tetu wanaoishi kando ya Gura wana sababu kubwa kuliko mchezo ya kuutunza: chai yao, ng'ombe wao na mifereji yao vyote vinautegemea, na ukishajiunga na Sagana unakwenda kuwa Tana, mto unaozungusha mitambo ya umeme hadi umalizike baharini Kipini.

Ukienda huko, chukua leseni kabla hujatia mshipi majini, na umlipe kijana wa kijiji cha jirani akuongoze, maana yeye ndiye anayejua jiwe lipi linateleza. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, kwani mkono mkavu humtoa utelezi unaomkinga. Akiwa mdogo, mshike ametazama mkondo hadi apate nguvu, kisha umwachie.